Bolti iliyokatikia ndani ya injini

Mwezi huu tunawaletea habari ya gereji. Vijana wanaojifunza ufundi wa magari wametuuliza mara nyingi: bolti ya ekzosi ikikatika ndani, inatolewaje? Basi tulishuka Gisenyi tukashinda siku mbili kwa fundi mmoja, tukiangalia.

Gari lilikuwa Toyota Corolla ya miaka ya 1990, la baba mmoja anayebeba abiria. Asubuhi injini ikiwa baridi ilikuwa inalia tik-tik-tik, ikishapata moto sauti inapungua. Mwenyewe alidhani imejiponya. Kumbe chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba ule mwanya kidogo, lakini moshi bado unatoka. Fundi alituonyesha masizi pembeni ya manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba. Stadi ya mwisho kabisa, yaani ile bolti isiyo na kichwa, ilikuwa imekatika. Za pembeni ndizo hukatika zaidi, maana manifoldi ni ndefu na kila siku inatanuka na kusinyaa, inazivuta.

Na hili si jambo la kelele tu. Tuliotoka upande wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua mbuzi na watu kwenye mabonde bila kuonekana. Ya gari ni nyingine, monoksidi ya kaboni, wala haijikusanyi chini kama mazuku. Lakini nayo haina rangi wala harufu. Inapenya kwenye matundu ya sakafu hadi walipokaa watoto. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakuja. Mama, ukiona watoto wanalegea hivyo ndani ya gari, mwambie dereva asimame, mshuke wote mpate hewa.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza fundi hakushika spana kabisa. Manifoldi ilikuwa imeshafunguliwa, na kipande cha stadi kilibaki kimechomoza kidogo tu. Alikisugua kwa brashi ya waya, akatia mafuta ya kulegeza kutu, akakigonga polepole kwa nyundo ndogo ili mafuta yaingie, akakiacha kilale. Kijana wake alitaka kukikamata kwa koleo palepale. "Wacha wewe! Kikikatika tena utakitafuta wapi?" Kijana akanyamaza, ila uso ulionyesha hajakubali.

Kesho yake walifungua waya za betri, wakaweka nati juu ya kile kipande na kuichomelea kwa ndani. Silinda hedi ya gari hilo ni ya aluminiamu, kwa hiyo ule moto wa kuchomelea chuma unashika stadi na nati, haushiki hedi kirahisi. Tena joto lenyewe ndilo linalovunja kutu. Wakangoja wekundu uishe. Fundi akazungusha kidogo kushoto, akarudisha kulia, mafuta tena, kushoto tena. Ilichukua karibu nusu saa, jasho likimtoka, halafu stadi ikaja yote.

Kama ingekatika sawasawa na uso wa hedi, ingebidi kutoboa. Hapo unapiga alama katikati kabisa, unaanza na keekee nyembamba ya milimita 3, unapanua taratibu. Ukienda upande unakula aluminiamu, na hedi ya mtu imeharibika, mkate wa nyumba yake umesimama. Kuna pia kile chuma cha meno ya kinyume cha kuchomolea. Fundi anakiogopa: ni kigumu sana, kikikatikia ndani ya tundu keekee ya kawaida haikili. Na yeyote anayetoboa avae miwani, jamani, macho hayauzwi sokoni.

Walirudisha stadi mpya zote, si moja tu, wakazipaka grisi ya shaba inayovumilia moto, wakaweka gasketi mpya. Nati walikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, bila kutumia nguvu za hasira. Baba yule akaambiwa atumie gari siku chache, kisha alirudishe asubuhi kabla halijapata moto, nati zikaguliwe tena.