Dawa Zote za Mzee Katika Kikapu Kimoja



Siku ya soko, iwe Keroka, Ogembo au Nyamira mjini, mzee anafika dukani, anaweka pesa juu ya meza na kusema, "Nipatie ile ya magoti." Anapewa vidonge ndani ya karatasi, anaweka mfukoni, anaenda zake. Pengine hakuna aliyemwuliza kama ana presha, wala kama nyumbani ana vidonge vingine.

Wazee wetu wamechuma chai na kulima milima hii tangu ujana. Si ajabu magoti na mgongo kuuma. Kununua dawa ya maumivu bila karatasi ya daktari si kosa. Shida ni hii: dawa za mzee hutoka mikono mingi, na hakuna mtu mmoja anayeziona zote.

Tuchukue mfano

Nyanya mmoja anapewa dawa ya presha kwenye zahanati. Mwanawe anakuja Krismasi kutoka Nairobi na vidonge vya maumivu. Mke wa mwanawe anamnunulia Brufen dukani. Naye nyanya mwenyewe ana aspirini zake za zamani. Kila mmoja anasaidia kwa upendo. Lakini sasa nyanya anameza dawa tatu za kazi moja bila kujua, kwa maana majina ni tofauti. Baada ya muda anashikwa na kizunguzungu, na choo chake ni cheusi kama lami. Watu wanasema, "Ni uzee tu." Hapana, si uzee. Anatokwa na damu tumboni, na asipofikishwa hospitali anaweza kufa.

Kwa nini wazee huumia haraka?

Figo na ini za mzee hazifanyi kazi kama za kijana, kwa hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Tumbo lake hutoa damu kwa urahisi. Tena mara nyingi ana dawa nyingine za presha, sukari au moyo, na dawa zinaweza kugombana.

Dawa za kuangalia sana

1. Paracetamol. Panadol ni moja ya majina yake. Kwa maumivu ya kawaida hii ndiyo ya kujaribu kwanza. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, usiku na mchana. Ni 1 au 2 kwa mara moja, na kungoja angalau saa 4. Mzee aliyekonda, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe apewe kidogo zaidi, uliza kwanza. Na angalieni: dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Ukimeza zote mbili umezidisha, na ini huharibika.

2. Aspirini, ibuprofen (Brufen) na diclofenac. Hizi huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na huweza kupandisha presha. Mwenye presha, vidonda vya tumbo, au ugonjwa wa figo au moyo asizinunue bila kuuliza. Lakini kama daktari ndiye aliyempa mzee aspirini kwa ajili ya moyo, msimwachishe wenyewe.

3. Piriton. Watu huinunua kwa mafua na mwasho. Inaleta usingizi, na mzee akiamka usiku kwenda choo cha nje anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Kwa baba mwenye shida ya tezi dume, inaweza kufunga mkojo kabisa.

4. Eno na dawa nyingine za kiungulia. Eno ina magadi, na magadi yana sodiamu, ile ile iliyo ndani ya chumvi ambayo mwenye presha ameambiwa apunguze. Kiungulia kisichoisha kinahitaji kupimwa, si kunyamazishwa kila siku.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Chagueni siku moja. Kila mwanachama aende kwa mzee wake na kikapu. Msiende kama polisi. Mwambieni kwa heshima, "Magokoro, tunaomba tuone dawa zako zote, tusije tukakosea." Kisha:

- Wekeni ndani kila kitu: vidonge, dawa za maji, za kupaka, hata za mitishamba.
- Someni yale maandishi madogo kwenye pakiti, si jina kubwa tu. Jina moja likitokea kwenye pakiti mbili, ulizeni kabla ya kumeza.
- Tengeni zilizopitwa na tarehe na zile zisizo na jina. Kidonge kisicho na jina hakimezwi. Zirudisheni kwenye kituo cha afya au duka la dawa.
- Andikeni kwenye daftari: dawa gani, ngapi, saa ngapi, ya nini.
- Kikapu kikae mahali pakavu, mbali na jiko na mikono ya watoto.

Tangu mwaka wa 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mwiteni wa kijiji chenu siku hiyo. Na kila mzee akienda kliniki au dukani, kikapu na daftari viende naye.

Mpelekeni hospitali mara moja akiwa na:

choo cheusi au kutapika damu, mkojo kufunga, macho kuwa manjano, kuchanganyikiwa ghafla, au kama amemeza vidonge kupita kiasi, hata akisema anajisikia vizuri. Bebeni kikapu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika boma lenu, nani anajua dawa zote za mzee?
2. Mzee asiyeweza kusoma, tumwekee alama gani ya asubuhi na ya jioni?
3. Watoto walio mjini tuwaambieje wasilete dawa bila kuuliza?

Anzeni na boma moja wiki hii. Kikapu hakina gharama, na kinaweza kuokoa maisha ya mzee.