Utepe wa Mwisho Uko Wapi?

Mchezo wa mbio za magari katika uhalisia pepe huanza kama barabara inavyoanza: kwa mchoro, bajeti na tarehe. Mchezaji atavaa miwani inayoziba macho yote mawili, atashika usukani na kujikuta ndani ya gari linalokwenda kasi. Ahadi za wapangaji hufanana: njia nyingi, magari mengi, na mashindano yanayomfaa hata anayecheza peke yake. Tarehe ya kutoka hutangazwa mapema, pengine kabla njia ya kwanza haijakamilika.

Ujenzi huleta hesabu nyingine. Kila jicho linahitaji picha yake, na vifaa vingi hulenga picha 90 kwa sekunde. Kila picha basi ina takriban milisekunde 11 za kuwa tayari. Hata zikiwahi, tatizo lipo. Kijana anayeteremsha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kuelekea Sake huku Kivu Kaskazini huinama pamoja na kona, na upepo humpiga usoni. Aliyevaa miwani huona kona huku mwili umetulia kitini, na wengi hupata kichefuchefu. Ndiyo maana kona kali hulegezwa, miti ya kando hupunguzwa, na magari yaliyoahidiwa huwa machache.

Tarehe inapokaribia, kinachoonekana hukamilishwa kwanza. Lugha za ziada, nafuu kwa wasiostahimili mwendo, na uwezo wa kucheza bila intaneti husogezwa kwenye toleo lijalo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mchezaji wa peke yake hushindana na saa, au na kivuli, yaani mwendo uliorekodiwa wa aliyewahi kumaliza haraka zaidi. Mpinzani huyo hahitaji kuwa hewani. Hata hivyo, baadhi ya michezo hudai mtandao kila inapofunguliwa, kwa ajili ya akaunti, orodha ya washindi na kuzuia udanganyifu. Sababu hizo zina mantiki, ila humwacha nje asiye na mtandao wa uhakika.

Gharama nazo hukua kwa njia za kawaida. Tarehe ikisogezwa mbele, mishahara huendelea kulipwa. Kifaa kipya kikitoka, kazi iliyokwisha hupimwa upya. Kona moja ikibadilishwa, njia nzima hujaribiwa tena, tena na watu halisi, kwa kuwa kichefuchefu hakipimwi na kompyuta peke yake.

Masisi na Walikale, huku Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, ziko karibu na mwanzo wa safari ya kifaa chenyewe. Koltani ya Rubaya hutoa tantali ya kutengenezea kapasita ndogo za vifaa vya elektroniki. Bati, kama lile la Bisie, huunganisha vipande kwenye bodi za vifaa hivyo. Madini hushuka milimani na kutoka msituni. Kifaa kinachotengenezwa kwa madini ya namna hiyo kikirudi, hukuta umeme wa paneli za jua au jenereta, na mega zinazonunuliwa kidogo kidogo. Betri ya miwani isiyotegemea kompyuta hudumu saa 2 au 3, na mchezo wa gigabaiti kadhaa hula vifurushi vingi kabla gari halijawaka. Kwa mtengenezaji kazi imekwisha siku mchezo ulipotoka. Kwa mtumiaji wa huku bado haijaanza.

Mpango ungeweza kubeba tarehe mbili: ya mchezo kutoka, na ya mtu aliye mbali na mtandao kumaliza mzunguko wake wa kwanza. Ya pili haidai miujiza. Kwenye masoko ya huku kuna vibanda vinavyojaza nyimbo na filamu kwenye kadi za simu. Kivuli cha mshindi ni faili dogo. Kingeweza kufika Walikale mfukoni mwa dereva wa pikipiki, mradi mchezo wenyewe umeachiwa nafasi ya kukipokea.