Misemo ya Kiingereza ya Kukubali Kushindwa

Muhula huu nusura nimpoteze rafiki kwa sababu ya msemo mmoja wa Kiingereza. Nilimshutumu mwenzangu wa bwenini kuwa amepoteza kamusi yangu, tukabishana siku mbili. Siku ya tatu niliikuta ndani ya sanduku langu mwenyewe, chini ya shuka. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kusema Kiingereza, nilimwendea nikasema, "I throw in the towel." Alinitazama, akajibu, "Basi umechoka kubishana tu. Bado waniona mwongo?" Akaenda zake.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ndiye aliyenifahamisha kosa langu. Msemo ule, yaani "kutupa taulo", umetoka katika ndondi. Bondia akizidiwa, msaidizi wake hutupa taulo ulingoni ili pambano lisimamishwe. Zamani walirusha sifongo. Basi atupaye taulo husema, "Sina nguvu tena", hasemi, "Nimekosa."

Akirie kosa ana msemo wake: "to eat humble pie", kula pai ya unyenyekevu. Zamani huko Uingereza matumbo ya kulungu yaliitwa "umbles", nayo yalipikwa ndani ya pai. Jina hilo lakaribiana na "humble", neno la unyenyekevu, na ndipo watu wakafanya mchezo wa maneno. Pia uko "to eat one's words", kula maneno yako, maana yake kuyafuta uliyoyasema. Na watu wawili wakipunguziana, kila mmoja akaacha kidogo, husemwa wamekutana katikati ya njia: "to meet halfway." Hapo hakuna aliyeshindwa.

Kiswahili nacho kina tofauti hizo. Kusalimu amri si sawa na kusema "yaishe", wala "yaishe" si sawa na "nisamehe". "Yaishe" humaliza kelele, lakini haisemi nani alikosa. Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kuchagua msemo yafaa kwanza tujue twakubali nini.

Jioni ile nilimfuata mwenzangu bombani. Misemo yote nilikwisha kuikariri, lakini niliiacha. Nilisema, "Ndugu yangu, kamusi nimeiona sandukuni kwangu. Nilikusingizia. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo, akajaza ndoo yake, kisha akaniuliza kama naweza kumwazima kamusi hiyo usiku ule.