Kompyuta ya Zamani Haifungui Kurasa? Angalia Saa Kwanza

Wauzaji wenzangu, mwezi uliopita nusura nitoe laki tatu kununua kompyuta nyingine. Yangu ni ya mezani, ina Windows 7. Kila ukurasa nikifungua, onyo la usalama. Oda za wateja ziko ndani, mimi niko nje!

Kumbe tarehe ilikuwa imerudi 2009. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ikikosea, brauza inaona cheti bado hakijaanza, inakataa. Nikarekebisha tarehe, kurasa zikafunguka. Ukizima ikarudi nyuma tena, jua betri ya ndani imekwisha. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032. Bei yake ndogo tu.

Kurasa nyingine bado zilikuja nusu nusu. Sababu: Chrome iliiacha Windows 7 mwaka 2023, toleo la mwisho ni 109. Nikapakua Firefox 115 ESR kwenye tovuti ya Mozilla wenyewe, mambo yakakaa sawa. Lakini hiyo nayo ni ya muda tu. Ukiwa na RAM ya GB 2 au zaidi, fikiria Linux Mint Xfce, ni ya bure. Hifadhi mafaili yako kwanza!

Onyo likitokea, usilazimishe kuendelea halafu ukaandika nywila. Akaunti ikiibiwa, wateja wako watatapeliwa kwa jina lako. Mambo ya pesa fanyia kwenye simu.

Wewe yako inasumbua wapi? Andika hapa chini.