Usivuke Barabara Kwenye Kona

Je, unajua kwa nini upande mmoja wa barabara huinuliwa kwenye kona? Gari likikata kona kwa kasi husukumwa nje. Wajenzi huinua upande wa nje ili gari lisiache njia. Hata hivyo, kwenye kona kali kama za mlima Kitonga, mkoani Iringa, dereva lazima apunguze mwendo.

Tena kona humficha mtu. Kilele cha mlima pia humficha. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, hupita karibu meta 14 kwa sekunde moja. Dereva akikuona ghafla, gari husonga mbele kabla hajakanyaga breki. Akikanyaga, bado halisimami papo hapo.

Kwa hiyo:

Vuka mahali paliponyooka, unapoona mbali pande zote mbili.

Kama hakuna njia ya miguu, tembea upande wa kulia. Utayaona magari yanayokuja.

Fyekeni majani yaliyo upande wa ndani wa kona. Msipande mahindi hapo.

Sisi wa zahanati tunaweza kufunga jeraha. Hatuwezi kurudisha uhai. Kinga ni bora kuliko tiba.