Karakana ya Sabuni na Mishumaa Nyumbani: Kupima Kwanza, Moto Baadaye

Sabuni hutakiwa katika kila nyumba, iwe mjini Kitale, iwe katika mashamba ya Endebess na Kwanza, au kwenye masoko ya Chwele na Kimilili katika Kaunti ya Bungoma. Vitu vya kuitengenezea havitoki mbali. Wachinjaji wana shahamu ya ng'ombe, alizeti hulimwa na kukamuliwa mafuta, na wafugaji wa nyuki wa miteremko ya Mlima Elgon wana nta. Kwa sababu hiyo si ajabu kuona vikundi vya akina mama na vijana wakitaka kufungua karakana ndogo nyumbani.

Kazi hii yaweza kuleta fedha. Lakini pia yaweza kumpofusha mtoto kwa muda mfupi tu, au kuumaliza mtaji kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa. Mtu atakaye kuianza yampasa kupima mara tatu kabla ya kuwasha moto: apime hatari, apime uzito, na apime fedha.

SABUNI NI NINI

Wapishi wa Kibukusu na Waluhya wengine wanayajua vizuri maji yachujwayo katika majivu ya maganda ya maharagwe, yaitwayo musherekha, ambayo hulainisha kunde na mboga nyingine ngumu. Maji hayo yana magadi, nayo yakiguswa kwa vidole huteleza. Utelezi huo ndio mwanzo wa sabuni: magadi yakutanapo na mafuta hugeuka pamoja kuwa kitu kipya. Watu walitengeneza sabuni kwa njia hiyo kwa karne nyingi bila kujua sababu yake, mpaka Mfaransa Michel Chevreul alipoeleza asili ya mafuta katika kitabu chake cha mwaka 1823.

Magadi ya majivu hufanya sabuni laini, tena nguvu zake hazijulikani hasa. Ili kupata sabuni ngumu ya kipande hutumiwa magadi makali yanunuliwayo dukani, yaitwayo kostiki soda.

KUPIMA HATARI

Kostiki soda huunguza ngozi, na ikiingia machoni huweza kuondoa uwezo wa kuona. Afanyaye kazi avae glavu za mpira, miwani ya kinga, viatu vilivyofunikwa na nguo ya mikono mirefu. Mahali pa kazi pawe na hewa, mbali na jiko la chakula, wala watoto wasikaribie. Magadi yawekwe katika kopo lake lenye maandishi, chini ya kufuli. Kuyatia katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni kumtegea mtoto mauti.

Yafuatayo hayabadiliki. Magadi ndiyo hutiwa katika maji baridi, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi kamwe juu ya magadi, kwani huchemka ghafula na kuruka. Sufuria ya alumini isitumiwe, kwa kuwa magadi huila na kutoa hewa iwakayo moto. Itumike ya chuma kisichoshika kutu au ndoo nene ya plastiki. Ngozi ikiunguzwa, nguo iliyolowa ivuliwe na mahali hapo paoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, wala isitumiwe siki. Jicho lioshwe vivyo hivyo kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mtu apelekwe hospitali. Mtoto akiyanywa asitapishwe. Akimbizwe hospitali mara moja.

KUPIMA UZITO

Vikombe na vijiko havifai. Kila kitu, hata maji, kipimwe kwa mizani ionyeshayo gramu. Magadi yakizidi, sabuni itaunguza ngozi ya mnunuzi. Yakipungua mno, itakuwa laini na yenye mafuta. Tena kila aina ya mafuta ina kipimo chake, hivyo mafuta yakibadilishwa, hesabu ya magadi hufanywa upya.

Mfano mmoja ni huu: shahamu safi iliyoyeyushwa na kuchujwa gramu 600, mafuta ya alizeti gramu 400, kostiki soda gramu 130, na maji gramu 330. Maji ya magadi yaachwe yapoe, na mafuta yawe ya vuguvugu, kiasi cha nyuzi 40 hadi 45 za sentigredi. Kisha maji ya magadi yamiminwe polepole katika mafuta huku yakikorogwa, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji na mwiko uache alama juu yake. Humiminwa katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi isiyoshika mafuta, hufunikwa, na baada ya siku moja au mbili hukatwa kwa mikono yenye glavu. Vipande hupangwa kivulini penye hewa kwa muda wa wiki nne, na wakati wa mvua zaidi. Kipande chenye matone ya maji makali au mabonge meupe ndani yake kisiuzwe.

MISHUMAA

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi. Isiwekwe juu ya moto wenyewe, bali katika chombo kilichosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikishika moto, maji yasimwagwe juu yake, maana moto utaruka; chombo kifunikwe na jiko lizimwe. Utambi uwe wa pamba uliosokotwa na kuchovywa kwanza katika nta. Ukiwa mwembamba mno utazama na kuzimika. Ukiwa mnene mno utatoa moshi. Mshumaa mmoja wa kila aina ujaribiwe mpaka mwisho kabla ya kutengeneza mingi.

Yafaa kukumbuka kwamba umeme na taa za jua vimepunguza wanunuzi wa mishumaa. Walio wengi watafanya vema kuanza na sabuni, na mishumaa wakaifanya kwa kuagizwa, kama vile na makanisa.

KUPIMA FEDHA

Hapa ndipo wengi huanguka. Sabuni hukaa wiki nne kabla ya kuuzwa. Apikaye kila wiki atakuwa amelipia mapishi manne kabla hajapokea hata senti moja. Asiye na akiba hiyo asiichukue katika karo ya watoto. Apike machache kwanza.

Mapishi yaliyotajwa hutoa gramu 1,460 za sabuni mbichi. Lakini sabuni ikikauka hupungua uzito, hivyo anayetaka kuuza kipande cha gramu 100 akate cha gramu 115 hivi, apate vipande 12, kisha avipime tena siku ya kuuza. Gharama zote ziandikwe katika daftari: mafuta, magadi, kuni, karatasi, nauli, na ujira wa mikono yake mwenyewe. Jumla igawanywe kwa 12. Bei iliyo chini ya hapo ni hasara, hata kama wanunuzi ni wengi.

Mwisho, kabla ya kuuza hadharani ni lazima kupata leseni ya biashara ya kaunti, na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS. Sabuni ifungwe kwa karatasi, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017.

Mnunuzi aliyeunguzwa na sabuni mara moja hanunui tena, na huwaambia jirani zake. Apimaye kwa uangalifu huilinda nyumba yake, ngozi ya mwenziwe, na jina lake sokoni.