Ukiwa Angani, Tulia Kitini
Na Karani wa Parokia

Huenda siku moja wewe ndiwe utakayemsindikiza mgonjwa katika eropleni ndogo, ile inayotua kwenye kiwanja cha majani na kumpeleka mtu hospitali. Mapenzi yatakusukuma umwinue, umgeuze, usimame na kuinama kila mara. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa ujue habari hii.

Hewa ya juu ina oksijeni sehemu 21 katika 100, sawasawa na hewa ya pwani. Lakini kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Kwenye futi 10,000, yaani mita 3,000 hivi, umebaki kama sehemu 7 katika 10. Mfaransa Paul Bert alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1878 ya kuwa kwa sababu hiyo oksijeni haiingii vya kutosha katika damu.

Waganga wana kidude cha kubana kidoleni, kipimacho oksijeni ya damu. Mtu mzima mwenye afya, akiwa karibu na bahari, huonyesha 95 hadi 100 kwa mia. Kwenye futi 10,000, akiketi kimya, huonyesha kama 90. Akifanya kazi ya nguvu, huweza kushuka hata 85 au chini yake.

Kwa nini? Fikiri bomba la kijiji siku maji yanapotoka kwa uchache. Akina mama wakikinga polepole, kila ndoo hujaa. Wakiharakishana, ndoo huondoka nusu. Ndivyo ilivyo damu. Ukifanya kazi, moyo huikimbiza mapafuni, nayo hupita kabla ya kushiba oksijeni. Na wakati uo huo misuli inadai zaidi.

Utauliza, "Mbona watu hupanda Kilimanjaro, mita 5,895, tena na mizigo?" Hao hupanda kwa siku kadhaa, mwili ukazoea kidogo kidogo, na hata hivyo wengine huugua. Eropleni hupanda kwa dakika chache.

Hatari kubwa ni kwamba mtu hajitambui. Haumwi, pengine hujiona mchangamfu, kumbe akili imepungua. Ndiyo maana sheria ya Marekani humtaka rubani avute oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 12,500.

Basi, kazi nzito zifanyeni mkiwa bado chini: mlazeni mgonjwa vizuri, fungeni mizigo. Nawe kama una upungufu wa damu, au ugonjwa wa moyo au mapafu, mwambie daktari kabla ya safari. Mkiwa angani, ukiona mgonjwa anasema ovyo au midomo yake inageuka rangi, mwite muuguzi au rubani mara moja.

Wala usione aibu kukaa tu. Kumshika mgonjwa mkono na kusali Rozari kimya ni msaada mkubwa, nao hauwapunguzii pumzi, wewe wala yeye.